Vacation, vacancy, vacant, vacate na leave: jinsi ya kuzitofautisha unapomjibu mgeni

Jana usiku nilikuwa namsaidia mdogo wangu anayekaa mtaa wa Sakina kujibu meseji za wageni, nikaona haya maneno bado yanatusumbua wengi tunaofanya kazi ya utalii hapa Arusha. Fuata hivi.

Hatua ya 1. Weka pembeni "likizo" na "nafasi". Kwetu likizo ni ya shule, ya kazini, hata ya uzazi, na nafasi ni chumba, ni ajira, ni muda. Kiingereza kinavigawa. Jiulize kwanza, kilicho wazi ni nini: chumba, kazi, au ni mtu kapumzika?

Hatua ya 2. Shika mzizi. Yale manne ya mwanzo yametoka kwenye Kilatini vacare, kuwa tupu au kuwa huru. Leave haimo kwenye ukoo huo.

Hatua ya 3. Vacancy na vacation, hapa tulia kabisa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye rizavesheni nilimwandikia mgeni "We have no vacation in August", nikimaanisha vyumba vimejaa, maana Agosti ni hai sizoni, msimu wa wageni wengi, watu wanafuata nyumbu wanaovuka Mto Mara. Yeye akaelewa kwamba Agosti hatuendi likizo, tupo kazini, akakata tiketi ya kushuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro! Nilishinda kwenye simu siku nzima natafuta kempu yenye hata hema moja tu lililo wazi. Chumba ni vacancy: "We have no vacancies in August". Kibao cha "No Vacancy" getini maana yake pamejaa. Mimi kwenye imeili naandika "We are fully booked", na nakushauri ufanye hivyo hivyo, hiyo haina utata. Nafasi ya kazi nayo ni vacancy, "a vacancy for a driver". Ila nafasi ya muda SIYO vacancy, yaani "sina nafasi kesho" ni "I'm not free tomorrow", ukiandika "I have no vacancy tomorrow" mgeni atajua unaongelea vyumba. Na nafasi kwenye Landcruiser ni seat, "two seats left", usiingize vacancy hapo.

Hatua ya 4. Vacant ni kitu kisicho na mtu, kama mlango wa choo cha ndege unavyoandikwa. Vacate ni kutoka upaache wazi: "Please vacate the room by 10 a.m."

Hatua ya 5. Angalia mgeni katokea wapi. Mmarekani anaenda on vacation, Mwingereza anaenda on holiday. Kwa Mmarekani holiday ni sikukuu, na kule Uingereza vacation utaikuta zaidi kwenye vyuo vikuu na mahakama. Wote wanatumia "on", siyo "in".

Hatua ya 6. Leave ni ruhusa ya mwajiri, kama zile siku 28 za mwaka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwenzako akiwa likizo mwambie mgeni "He is on leave", na uivute sauti ya i, "liiv", maana ukiikata inasikika kama live, kuishi.

Ukikwama usikimbilie programu ya kutafsiri, itakurudishia likizo na nafasi zile zile. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, Cambridge ipo bure mtandaoni na inakuonyesha neno ni la UK au US, usome sentensi za mfano mbili tatu ndo ubonyeze kutuma.