Icarus kabla hajaruka: kuandaa michoro ya awali ya kitabu

Picha ya kitabu huamuliwa mapema, kwenye vichoro vidogo vya penseli. Tuchukue kisa cha Kigiriki cha fundi Daedalus na mwanawe Icarus, waliotoroka kwa mabawa ya manyoya na nta hadi mtoto akalikaribia jua, nta ikayeyuka, akaanguka baharini. Tunakifuata kama mshairi wa Kirumi Ovid alivyokisimulia katika kitabu cha 8 cha utenzi wake Metamorphoses.

Hatua ya 1: Soma na penseli mkononi. Pigia mstari kila kinachoonekana kwa macho. Ovid hakunyimi kitu: manyoya yamepangwa kuanzia fupi hadi refu, yameshikwa kwa uzi katikati na nta chini; mtoto anaifinyangafinyanga nta kwa kidole gumba; baba anapomvisha mabawa, mashavu yamelowa, mikono inatetemeka.

Hatua ya 2: Chagua tukio. Wengi huchora Icarus akianguka. Mimi nachagua mikono ya baba ikifunga mabawa, maana baba ana hofu na mtoto hana habari. Anguko liachie maandishi.

Hatua ya 3: Vichoro vidogo. Hapa usiwe na haraka. Chora sita au vinane, kila kimoja kidogo kuliko kiganja, ila kwa uwiano uleule wa ukurasa. Nyuso ziache kwanza. Panga weusi na weupe tu. Mpigishe baba goti, kisha msimamishe, uone kipi kinaivuta mikono yake mbele. Picha ikitanda kurasa mbili, usiweke uso wala mikono katikati: mshono utaimeza.

Hatua ya 4: Chora kutoka kwa vitu halisi. Mwombe mtu apige goti, mikono begani kwa mwenzake. Bawa lichore kutoka kwa kuku. Lina bega, kiwiko na kifundo kama mkono wetu, na manyoya marefu yako nchani.

Hatua ya 5: Punguza mistari. Tazama michoro ya tenzi za Kigiriki Iliad na Odyssey ya Mwingereza John Flaxman, aliyoichora Roma na Tommaso Piroli akaichonga kwenye shaba mwaka 1793. Ni mistari mitupu, karibu haina kivuli, kwa mfano wa vyungu vya Kigiriki. Nguo ya Daedalus haihitaji mikunjo yote. Bakiza ile inayoonyesha goti.

Hatua ya 6: Hamisha. Nakili mchoro kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, kisha igeuze: Icarus akiwa amepinda, utamwona papo hapo. Rekebisha, paka penseli laini ya 2B upande wa nyuma, laza juu ya karatasi nzuri, pitia mistari kwa penseli ngumu ya 2H bila kukandamiza. Picha ikifika ukingoni mwa ukurasa, ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapaji, ndipo ushike wino.