Kabla ya kutafuta kamera, chambua muswada

Ukitaka kuwa mtayarishaji wa filamu, anza na muswada na kalamu za rangi. Mimi hupiga mstari chini ya kila kitakacholipiwa: waigizaji kwa nyekundu, kisha magari, mavazi, wanyama, hata mvua. Ukurasa mmoja huwa takriban dakika 1 ya filamu, nasi huugawa katika sehemu 8 ili hata tukio la mistari michache lipate muda wake kwenye ratiba. Panga siku za kurekodi kwa kufuata eneo, si mtiririko wa hadithi: matukio yote ya jikoni yaende pamoja, hata kama moja ni la mwanzo na jingine la mwisho. Bajeti hutoka hapo. Ongeza asilimia 10 ya dharura, na ukiombwa uifute, kataa. (Mwongozaji atanuna. Atapoa.) Chakula cha wafanyakazi usikibane kamwe.

Mikataba isainiwe kabla ya siku ya kwanza, haki za muziki zikiwemo. Wimbo mmoja usio na kibali unaweza kuifanya televisheni ikatae filamu nzima.

Huna uzoefu? Omba kazi ya msaidizi. Utabeba nyaya na kuwaita waigizaji, lakini kila jioni mwombe meneja wa uzalishaji akuonyeshe ratiba ya kesho.