Kilomita zikikuzidi: jinsi ya kushusha mzigo na kupanda tena

Moyo na mapafu huzoea mzigo mpya wa mazoezi ndani ya wiki chache; mifupa na kano huhitaji miezi. Hapo ndipo wakimbiaji wazuri wa mbio ndefu wanaponasa, kwa kuwa pumzi inawaruhusu kuongeza kabla miguu haijawa tayari. Isitoshe, mfupa unapopata mzigo mgeni, mwili kwanza huondoa sehemu zilizochakaa ndipo ujaze mpya, hivyo kwa wiki kadhaa mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ndiyo sababu maumivu mara nyingi huzuka baadaye, wakati unajiona uko imara kabisa.

Kabla ya kugusa ratiba, tofautisha uchovu na jeraha. Pitisha kidole taratibu kwenye muundi. Maumivu yaliyotanda urefu wa kiganja kizima upande wa ndani mara nyingi ni ya misuli na utando wa mfupa. Yakiwa sehemu moja ndogo kama ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, acha kukimbia ukapimwe. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huuona mapema zaidi. Maumivu ya kinena unapoukanyagia mguu ni ya hatari zaidi: usijaribu hata kurukaruka kuupima, nenda kwa daktari.

Uchovu nao una alama zake. Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 5 au zaidi kwa dakika asubuhi tatu mfululizo, na usingizi ukiwa wa kukatikakatika, mzigo umezidi. Alama nyingine hupotosha wengi: katika mazoezi magumu miguu inawaka lakini mapigo yanakataa kupanda. Huo si uimara. Pima pia damu, himoglobini pamoja na feritini (akiba ya chuma mwilini), na usimeze vidonge vya chuma kabla ya kupata majibu. Mwanamke ambaye hedhi imekatika ajue kwamba huenda chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na mifupa yake inalipa. Hilo linahitaji daktari, halingoji msimu uishe.

Ikiwa ni uchovu tu, kaa siku 3 hadi 5 bila kukimbia. Kutembea nusu saa kunatosha. Usipunguze chakula siku hizo, hasa wanga, maana misuli ndiyo inajaza akiba yake. Hofu ya kupoteza uwezo haina msingi: siku hizo chache hazimwondolei mkimbiaji aliyejengeka kitu cha maana.

Sasa fungua daftari la mazoezi utafute wiki nne za mwisho ambazo ulilala vizuri, hukuumwa na ulikimbia vizuri. Wastani wake ndio msingi wako, wala si ile wiki kubwa kuliko zote. Kosa linalorudisha wengi kwenye jeraha ni kuanzia hesabu pale walipovunjikia.

Tuseme msingi ni kilomita 110 kwa wiki na ulirukia 150. Wiki ya kwanza kimbia 55, yaani siku tano za kilomita 11, zote taratibu. Ya pili 70, ukimalizia siku mbili kwa mbio fupi 6 za sekunde 20, za haraka lakini si za kujikaza. Ya tatu 85, mbio ndefu isivuke 20. Ya nne baki kwenye 85 hiyohiyo, na hapo ndipo uingize zoezi la kwanza la kasi: dakika 5 mara nne, kwa mwendo ambao ungeweza kuushikilia kwa saa moja, ukipumzika dakika moja katikati. Wiki ya tano na ya sita kimbia 100, na zoezi la pili, mita 1000 mara sita kwa mwendo wa shindano la kilomita 10. Wiki ya saba 110, ubaki hapo wiki tatu.

Kupunguza kilomita huku ukiacha kasi ileile hakusaidii. Anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 32 asione haya kwenda dakika 4:30 hadi 5:00 kwa kilomita siku za taratibu. Kama kundi lenu hugeuza kila asubuhi kuwa shindano, kimbia peke yako mpaka wiki ya sita. Na kilomita ulizokosa usizifidie, zimekwisha.

Ukitaka kuvuka 110, ongeza 8 hadi 10, kaa wiki tatu, kila wiki ya nne ukishusha kwa robo. Usiongeze vilima wala kasi katika wiki hiyohiyo uliyoongeza umbali.

Ikiwa shindano liko ndani ya wiki nne, usihangaike kufika 110. Simama kwenye 85, fanya zoezi moja la kasi kwa wiki, na siku kumi za mwisho shusha hadi 60 kwa wiki. Ikiwa mapigo ya asubuhi bado yako juu wiki moja kabla, jiondoe uchague shindano la mbele.