Umetengenezewa uke, umepona, sasa chumbani unaanzia wapi

Hii ni ya dada zangu wa MRKH, yani sisi tuliozaliwa bila uke au na kijishimo kifupi tu, mfuko wa uzazi nao mara nyingi hamna, ila mayai yapo na maziwa yakaota kama ya wenzetu. Inakadiriwa ni mtoto wa kike 1 kati ya 4,500 mpaka 5,000, kwahiyo si wewe tu. Daktari anakagua kidonda, anasema safi, anafunga faili, ya chumbani unabaki nayo mwenyewe.

Kwanza muulize umetengenezewa kwa kitu gani, ni haki yako kujua. Kama ni ngozi ya pajani au makalioni, huo uke hautoi ute, bila jeli usithubutu. Kama ni kipande cha utumbo, ute unajitokea wenyewe, saa nyingine mpaka unavaa pedi, na una kiharufu flani, sio uchafu huo, ndo utumbo ulivyo. Ila ukiona damu au ute umegeuka ghafla, rudi hospitali.

Halafu vile vijiti vya kutanulia uke, vyenye namba kuanzia kidogo mpaka kikubwa. Najua vinachosha, ila uke wa ngozi ukiachwa unasinyaa. Mimi nilienda msibani kijijini wiki tatu nikaviacha mjini, maana nalala chumba kimoja na mashangazi wanne ningevitolea wapi, kurudi namba niliyoizoea ikagoma kabisa. Ikikutokea usilazimishe, shuka namba ndogo siku kadhaa ndo upande tena, na ikizidi kugoma muone daktari. Lala chali, kunja magoti, paka jeli ya kutosha, elekeza kule kwenye mfupa wa mkia sio juu kwenye njia ya mkojo, sukuma taratibu mpaka usikie inabana lakini haiumi, tulia hapo dakika 10 mpaka 20 au vile ulivyoelekezwa. Osha na sabuni isiyo na manukato, kausha. Vyangu vilikaa kwenye soksi nyuma ya kabati. Ukiwa na mwenza mnayekutana mara kwa mara, tendo lenyewe linakusaidia hiyo kazi, mkikaa mbali unarudi kwenye vijiti.

Sasa tendo. Usianze mpaka daktari akukague na kukuruhusu, na hapa hata kungwi asikuharakishe eti fungate imefika. Na hili ndo watu wengi hawaambiwi: utamu wenyewe zaidi uko kwenye kinembe, na hicho hakuna daktari aliyekitengeneza, umezaliwa nacho na mishipa yake yote. Kwahiyo jijue kwanza mwenyewe, chukua kioo, mkono wako, usiwe na haraka. Mkiwa wawili anzieni hapo hapo, hata wiki nzima bila kuingiza kitu, ukifika kileleni kwa njia hiyo umefika, hakuna kilele cha daraja la pili. Siku ya kuingiza wewe kaa juu, au mlale ubavu, ili kina ukiamue wewe, pumua kwa tumbo maana ukijikaza misuli inajifunga, jeli kwako na kwake. Ikiuma simamisheni, mtaendelea siku nyingine. Matone ya damu mara ya kwanza yanaweza kutokea, ikiwa inachuruzika usisubiri asubuhi.

Jeli iwe ya maji. Vaselini na mafuta ya nazi vinaharibu kondomu za mpira, na kondomu tunazihitaji, kwa sababu mimba hatubebi lakini ukimwi na kisonono tunapata kama mtu yeyote.

Kuhusu kumwambia mwenza, usimwambie kitandani taa zimezimwa. Mwambie mchana, maneno machache: nilizaliwa hivi, nimefanyiwa operesheni, nahitaji twende taratibu. Akiuliza watoto mwambie ukweli, mayai yapo ila mfuko hamna, na kama anapenda habari njema, mwaka 2014 kule Sweden mama aliyezaliwa bila mfuko wa uzazi alijifungua baada ya kupandikizwa. Mimi wangu nilimwambia tukitembea kutoka kituoni, akakaa kimya mpaka tunafika kwa muuza chipsi, halafu akauliza, kumbe ile soksi nyuma ya kabati ndo vyenyewe? Siku ananisaidia kuhama aliishika akajua nimeficha hela.