Ukitoa kwacha Zambia, kataa kukatwa kwa dola

Ndugu wa Lubumbashi mnaovuka Kasumbalesa kwenda Ndola au Kitwe na kadi ya konti ya dola: mashine ya pesa ikikuuliza kama unataka ikuhesabie kwa dola, kataa. Chagua ukatwe kwa kwacha. Kwenye skrini tafuta neno "conversion", linaandikwa sawasawa na kwa Kifaransa, kisha bonyeza kitufe cha kulikataa. Usiogope: kukataa hakufuti muamala, noti zitatoka tu.

Sababu ni hii. Ukikubali, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na upande wa mashine, na humo wanaongeza faida yao. Ukikataa, hesabu inafanywa na mtandao wa kadi yako, Visa au Mastercard, na mara nyingi kiwango chao ni kizuri zaidi. Tuseme tofauti ni asilimia 5: kwenye dola 200 umepoteza dola 10, nauli nzuri kabisa. Mashine inaonyesha kiwango chake kabla hujakubali, kwa hiyo kisome bila haraka hata kama nyuma kuna foleni.

Hii haikuokoi na ada ya mashine yenyewe wala ada ya benki yako kwa kutoa pesa nje ya nchi. Ada ikiwa ya kiasi kimoja kila mara, toa mara moja kiasi cha kutosha, mchana, ndani ya benki. Na kama skrini haikupi nafasi ya kukataa, futa, chukua kadi yako, tafuta mashine ingine.