Kikao Houston, Wewe Uko Mtwara

Wana Kusini mlioko Texas mnaijua ratiba: shule zikifungwa mwanzoni mwa Juni, familia inapanda ndege kwenda nyumbani. Tatizo ni kwamba Mei hadi Julai ndio msimu wa vikao vya kupinga uthamini wa nyumba, yaani thamani inayotumika kukutoza kodi ya majengo. Uko Mikindani unakula pweza, barua ya kikao imelala kwenye sanduku lako Houston. Kuwa mbali hakukunyimi haki yako, ila kazi karibu yote uimalize kabla ya kufunga begi.

Taarifa ya thamani huja kutoka ofisi ya uthamini mwezi wa nne hivi. Pingamizi lifike kabla ya Mei 15 kupita, au ndani ya siku 30 tangu utumiwe taarifa, ipi itakayochelewa zaidi. Kwenye fomu weka alama sababu zote mbili: kwamba thamani imezidi bei ya soko, na kwamba nyumba yako imepandishwa kuliko nyingine zinazofanana nayo. Ukiiacha ya pili, siku ya kikao unaweza kuzuiwa kuisemea.

Omba kwa maandishi kusikilizwa kwa simu au video, siku 10 au zaidi kabla ya kikao. Ukisikilizwa hivyo, ushahidi wako unaingia kwa hati ya kiapo, na lazima uifikie bodi inayosikiliza pingamizi kabla kikao hakijaanza. Kula kiapo hicho kwa notari (ofisa wa kushuhudia viapo) ukiwa bado Texas. Kuanza kuzunguka mjini Mtwara kumtafuta wakili wa kugonga muhuri kwenye fomu ya Kimarekani ni kujitafutia presha likizoni.

Omba pia ushahidi wa ofisi ya uthamini. Wanatakiwa kukujulisha haki hiyo angalau siku 14 kabla ya kikao, na wasichokupa baada ya wewe kukiomba hawaruhusiwi kukitumia dhidi yako. Ukiupata, anza na taarifa za nyumba yako mwenyewe: futi za mraba, idadi ya mabafu, mwaka wa ujenzi. Gereji iliyohesabiwa kama chumba cha kuishi ni hoja nzito kuliko hotuba yoyote.

Thamani inayobishaniwa ni ya Januari 1. Ufa uliojitokeza Machi ni wa mwakani. Udongo wa Houston ni mfinyanzi, ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na misingi ya nyumba inapasuka. Basi piga picha ya ufa ukiwa umeweka rula pembeni, na uambatanishe makadirio ya fundi yenye tarehe na gharama. Picha bila gharama ni malalamiko tu. Bei za mauzo nazo, sheria ya Texas hailazimishi ziwekwe wazi, kwa hiyo mwombe dalali mwenye leseni akutolee nyumba chache zilizouzwa mtaani kwako karibu na Januari 1, zenye ukubwa na umri kama yako.

Usiende kulia njaa. “Kodi imepanda, nasomesha, na mama yuko Lindi ananitegemea” ni kweli tupu, lakini bodi haipangi kiwango cha kodi, inaamua thamani. (Wazee nyumbani watakushangaa. Kwao kodi ya majengo inakatwa kwenye luku tangu 2021, hakuna wa kubishana naye.)

Kipindi hicho Mtwara iko mbele ya Houston kwa saa nane. Kikao cha saa tatu asubuhi kule ni saa kumi na moja jioni huku. Cha saa nne kinaangukia adhana ya magharibi. Chaji simu mapema, weka bando kwenye laini mbili, na uliza nani anampigia nani. Kikao ni kifupi, kwa hiyo taja kwanza thamani unayoitaka, halafu sababu.

Ukiona tarehe haikufai na hujateua wakala, una haki ya kuahirisha mara moja bila kutoa sababu, mradi uombe kabla ya siku yenyewe. Ukikosa kikao, una siku nne za kuandika sababu ya msingi.

Uamuzi huja kwa maandishi, na ukitaka kwenda mahakamani au kwa msuluhishi siku 60 zinahesabiwa tangu uupokee. Muachie jirani unayemwamini ufunguo wa sanduku la barua, akupigie picha kila bahasha ya kaunti siku ileile inapofika.