Kutunza mbegu za nguruwe kwenye joto la Dodoma

Habari zenu wafugaji. Leo ni mbegu za nguruwe, yaani shahawa za dume za kumpandikizia jike, na naomba msizichanganye na za ng'ombe. Hizi zinataka nyuzi 15 hadi 18 za sentigredi, usiku na mchana. Kabatini kwetu mwezi wa Oktoba kuna joto mno, mbegu zinajichosha na kufa. Kwenye friji ya jikoni, nyuzi 4 au 5, baridi inaharibu ngozi ya mbegu. Mbegu nzuri nyingi zinafia hapo, halafu lawama anabeba dume.

1. Koroga unga wa ekstenda (wa kuongeza na kutunza mbegu) kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), saa nzima kabla ya kukamua dume. Ya kisima usiguse, visima vyetu vingi vina chumvi.

2. Kamua kwenye kikombe chenye uvuguvugu, kilichofunikwa shashi safi ili ute mzito ubaki juu. Matone ya mwanzo yamwage, yana uchafu. Ukiwa na hadubini, mbegu zinazokimbia zisipungue asilimia 70.

3. Pima joto la mbegu na la ekstenda. Tofauti isizidi nyuzi 1. Mimina ekstenda kwenye mbegu, taratibu, ipite ukutani mwa chombo. Jaza chupa za mililita 80 hadi 100, usiache hewa.

4. Hapa ndipo penye kazi. Funga chupa kwa taulo, ziache mezani kivulini saa moja au mbili zipoe zenyewe. Kisha ziingie kwenye deli. Pembeni panga chupa za maji yaliyopozwa kwenye friji, barafu hapana. Kati ya maji na mbegu weka taulo nene, na kipimajoto kilale katikati ya mbegu, si kwenye kifuniko. Mchana wa jua kali utabadilisha maji hayo mara kadhaa. Asubuhi na jioni geuza chupa polepole, maana mbegu huzama chini.

Ekstenda ya kawaida hutunza siku 3.

MASWALI

Kibaigwa: Mwalimu, nikituma kwa bodaboda?
Inafika, deli likiwa limefungwa vizuri na halipigwi jua. Akipokea asome kipimajoto kwanza. Kikizidi 20, ahimilishe (ampandikizie jike) siku hiyo hiyo.

Bahi: Shikamoo. Jike nimhimilishe lini?
Marahaba. Mkandamize mgongoni. Akisimama tuli, masikio wima, hesabu masaa 12 hadi 24, himilisha. Rudia baada ya masaa 12. Kwa hiyo agiza chupa mbili.

Chamwino: Na ng'ombe wangu?
Za ng'ombe hugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kituo cha taifa kipo Usa River, Arusha. Mwone mhimilishaji wa kata yako.

Kongwa: Dume la jirani linakohoa kidogo, nikamue?
Usikamue, ndugu yangu, huenda ni mgonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba na inapita hata kwenye mbegu. Mwite daktari wa mifugo kwanza, na usitoke kwenye banda hilo ukaingia lako na viatu vile vile.